Uzi wa kwilti: hesabu mita kabla ya kulipa

Mteja amekuletea vitenge na vipande vya shuka, anataka kwilti ya kitanda cha 5 kwa 6. Mmeelewana bei na ametuma dipoziti, umeiona ikiingia kwenye simu. Kitambaa kiko, faiba iko, bitana iko. Kimebaki kitu kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu kabisa: uzi.

Ukiuliza fundi atanunua uzi kiasi gani, jibu la kawaida ni "nitachukua mbili, zikiisha nitaongeza." Kwa kupindo la suruali jibu hilo linatosha. Kwa kwilti halitoshi, kwa sababu kwilti hula uzi kuliko nguo yoyote uliyozoea kushona, na unapoisha, huishia katikati ya kazi, mahali ambapo jicho la mteja litatua kwanza.

Sisi kazi yetu ni pesa kutoka simu moja kwenda nyingine. Lakini pesa hiyo mara nyingi ni mtaji wa mtu, na mtaji mdogo hupotea kwenye vitu vidogo kama hivi. Kwa hiyo leo tunapiga hesabu ya uzi hatua kwa hatua, halafu tuone namna ya kuulipia bila kuzidisha makato na bila kutapeliwa.

Tukisema kwilti tunamaanisha lile tandiko la tabaka tatu: juu kitambaa, mara nyingi cha viraka vilivyounganishwa, katikati faiba, chini bitana, na mishono inayopita zote tatu ili zishikane. Kamusi zina neno la zamani, mfarishi, na ni neno zuri, lakini ukilitaja dukani Kitengela utaangaliwa tu. Tutasema kwilti.

Kwa nini Rombo si Kitengela

Fundi wa Kitengela akiishiwa uzi saa nne asubuhi, hasara yake ni ya saa chache. Nairobi iko kama kilomita 30 hivi, matatu ni nyingi, na akikosa rangi mjini kwake anaweza kwenda akarudi kabla ya jua kutua. Inaudhi, lakini kazi inaendelea siku hiyohiyo.

Sasa mtazame fundi wa Rombo, kule chini ya Kilimanjaro, karibu na mpaka wa Tanzania. Mzigo wake kutoka Nairobi unashuka barabara ya Mombasa mpaka Emali, unakata kulia kuelekea Kimana na Loitokitok, ndipo unatafuta gari lingine la kuufikisha kwake. Hizo ni zaidi ya kilomita 200. Loitokitok kuna maduka, ndiyo, na uzi mweupe na mweusi hatakosa. Ile bluu iliyoiva ya kitenge cha mteja ndiyo shida. Akiishiwa Jumatano, huenda cherehani ikakaa kimya mpaka Ijumaa, na kwilti ilikuwa ya harusi ya Jumamosi.

Hesabu ni ileile kwa wote wawili. Tofauti iko kwenye gharama ya kukosea, na kadiri unavyokuwa mbali na duka la jumla ndivyo inavyokulazimu kuhesabu vizuri kabla ya kubonyeza tuma.

Mshono wa mita moja hauli uzi wa mita moja

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Cherehani ya kawaida, ya miguu au ya umeme, inashona kwa nyuzi mbili: mmoja unatoka juu kupitia sindano, mwingine unatoka kwenye bobini chini. Kila sindano inaposhuka, uzi wa juu unaingia ndani, unakutana na wa chini, wanashikana katikati ya kitambaa, kila mmoja anarudi upande wake. Kwa hiyo kwa kila mita ya mshono tayari una mita moja ya uzi juu na mita moja chini. Hiyo ni mbili. Halafu ongeza ule uzi unaozama ndani na kupanda tena kwenye kila pigo la sindano.

Kwenye kitambaa chembamba, kuzama huko ni kidogo. Kwenye kwilti yenye faiba ni kwingi. Tuchukue pigo la milimita 3 na tabaka tatu ambazo zikibanwa na mguu wa cherehani zina unene wa milimita 2. Kwa kila pigo, uzi unaotumika ni mara mbili ya 3 ukijumlisha na mara mbili ya 2, yaani milimita 10, kwa mshono wa milimita 3. Hiyo ni mara 3.3 na kidogo. Ukiunganisha viraka viwili tu bila faiba, unene wa milimita 1 na pigo la milimita 2.5, unapata mara 2.8.

Kwa kazi ya kawaida basi: viraka zidisha kwa 2.8, kwilti yenye faiba ya wastani zidisha kwa 3.5. Faiba ikiwa nene sana, ile ya duveti, nenda mpaka 4.

Usituamini sisi tu, cherehani yako ina tabia zake. Chukua mabaki ya kitambaa kilekile, faiba ileile na bitana ileile, chora mstari wa sentimita 50 kamili kwa chaki, ushone. Fumua pole pole, nyoosha uzi bila kuuvuta, upime. Ukipata sentimita 87 juu na 86 chini, jumla ni 173. Gawa kwa 50 unapata karibu 3.5. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike ukutani karibu na cherehani, maana itakufaa mwaka mzima mradi hujabadilisha faiba wala urefu wa pigo.

Mistari ina urefu gani kwa jumla?

Hii watu huiogopa bure. Huna haja ya kupima mstari mmoja mmoja. Chukua eneo la kwilti kwa mita, gawa kwa umbali kati ya mstari na mstari, pia kwa mita. Basi.

Kwilti yetu ya kitanda cha 5 kwa 6 tuipe upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.3, ili ishuke kidogo pembeni. Eneo ni mita za mraba 4.6. Mistari ya kwenda upande mmoja, ikiwa sentimita 10 kati yake, ni 4.6 gawa kwa 0.1, yaani mita 46. Kama huamini, hesabu kwa mkono: upana wa mita 2 unaingia mistari 20, kila mmoja mita 2.3, jumla 46. Ukitaka vyumba vya mraba, yaani mistari inakatana, unaongeza mita nyingine 46 za upande wa pili. Jumla 92.

Hesabu hii haijali mistari imelala wapi. Wima, mlalo, mshazari, hata ile ya kuzungukazunguka kama njia ya mbuzi malishoni, jibu ni karibu lilelile mradi umbali kati ya mistari ni uleule. Anayeshona kwa shuka ana bahati zaidi, kwa kuwa vyumba vya shuka ndiyo rula yake: pima chumba kimoja, huo ndio umbali, na mstari wa kufuata umeshachorwa kiwandani.

Ila angalia ukipunguza umbali. Kutoka sentimita 10 kwenda 5 unazidisha uzi wa mistari mara mbili. Kutoka 10 kwenda 2.5, mara nne. Mteja anaposema "nishonee karibu karibu ipendeze," amekuongezea gharama na saa nyingi za kukanyaga, na pengine hajui.

Kuweka mistari mbali sana nako kuna shida yake. Faiba inayouzwa kwa mita mara nyingi haiji na maelezo yoyote, na ikiwa ni laini ya kuachana, baada ya kufuliwa mara kadhaa hujikusanya kwenye kona za kila chumba. Sisi tungekaa kwenye sentimita 10 au chini, hasa kwa kwilti ya mtoto wa bodi ambayo itafuliwa kwa nguvu na mtu asiyejali.

Tuijumlishe yote

Viraka kwanza. Tuseme kila kiraka kikishashonwa kina sentimita 15 kwa 15. Mishono ya kuviunganisha nayo ni mistari inayokatana, kwa hiyo kanuni ni ileile: 4.6 gawa kwa 0.15, mara mbili, ni kama mita 61. Zidisha kwa 2.8, unapata mita 171 za uzi.

Mistari ya kwilti: mita 92 mara 3.5, ni mita 322.

Ukingo: kuzunguka kwilti nzima ni mita 8.6, na unazunguka mara mbili, mita 17.2. Pale ni nene, tumia 3.5. Mita 60.

Halafu mikia. Kila mstari una mwanzo na mwisho, na kila ncha unaacha kama sentimita 10 juu na 10 chini kabla ya kukata. Mistari 43, ncha mbili, nyuzi mbili: mita 17. Inaonekana kidogo, lakini ni uzi unaoishia sakafuni kabisa.

Jumla ni mita 570. Ongeza asilimia 15 ya uzi kukatika, kufumua, bobini kuisha vibaya na majaribio ya mwanzo. Tunafika mita 655.

Sasa tenganisha rangi, kwa kuwa si lazima yote iwe rangi moja. Mishono ya viraka hujificha ndani, na mafundi wengi wa kwilti huishona kwa kijivu, rangi inayokubaliana na karibu kila kitambaa. Hiyo ni mita 171, na pamoja na asilimia 15 ni mita 197. Koni ya kijivu ni mali ya kudumu, utaitumia kwenye kila kwilti. Uzi unaoonekana, wa mistari, ukingo na mikia yake, ni mita 399, na pamoja na asilimia 15 ni 459.

Shika hiyo 459.

Yadi si mita

Unaingia dukani, unaona kibunda kidogo kimeandikwa 500. Unasema moyoni: nahitaji 459, hapa nina 500, imebaki na chenji. Unalipa kimoja.

Lakini ile 500 mara nyingi ni yadi. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo yadi 500 ni mita 457 tu. Umepungukiwa mita mbili kabla hujaanza, na ile asilimia 15 ndiyo umebaki ukiitegemea yote. Sindano ikikatika mara mbili tatu na ukafumua mstari mmoja uliopinda, utaishiwa ukiwa kwenye ukingo, sehemu ya mwisho, kwilti ikiwa imekaribia kabisa kumfikia mwenyewe.

Kwa hiyo soma lebo. Ikiwa ni Y, YDS au yadi, zidisha kwa 0.91. Koni kubwa ya yadi 5,000, ambayo ndiyo iko kila mahali, ni mita 4,572. Kwa kwilti kama hii yetu inakutosha sita bila wasiwasi, na ya saba kwa kubahatisha.

Lebo ina namba nyingine inayofaa kujua. Ukiona 40/2, huo ni uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na ndio wa kawaida kwa kushonea. Kwingine utaona ukiitwa Tkt 120, unakaribiana nao sana. Kwenye namba hizi zote mbili, namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Mwingine akiletewa 20/2 anadhani amepunjwa, kumbe huo ni mnene zaidi, na mita zake kwa uzito uleule ni nusu. Kwa kwilti ya cherehani ya nyumbani, 40/2 wa polista na sindano namba 14 vinaelewana. Bobini ijaze kwa uzi huohuo.

Bobini zijaze mapema

Nusu ya uzi hupita chini, na bobini ni ndogo. Kati ya zile mita 322 za mistari, 161 zinatoka kwenye bobini. Bobini yako inabeba mita ngapi? Inategemea aina ya cherehani na ulivyoijaza, kwa hiyo ipime mara moja tu: ijaze, halafu ifungue ukiunyoosha uzi kwenye meza uliyoipima mita moja, ukihesabu. Ukikuta ni mita 45, unahitaji bobini nne za mistari peke yake. Zijaze zote nne kabla hujaanza. Kuingiza kwilti nzima ya kitanda chini ya mkono wa cherehani ya miguu ni kazi ya watu wawili. Hutaki kuitoa katikati kwa sababu bobini imeisha na ya pili haijajazwa.

Mizani ya jikoni

Kuna watu watasema hesabu hizi zote ni ndefu. Sawa, iko njia fupi kwa aliyeshona kwilti moja tayari na ana mizani ndogo ya dijitali, ile ya kupimia unga wa keki.

Uzi wa 40/2 una uzito wa karibu gramu 30 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo gramu moja ni kama mita 33. Pima koni kabla ya kazi, ipime baada ya kazi, tofauti ndiyo uzi uliotumia, pamoja na mikia na makosa yote. Kwilti yetu ya mita 655 ingekula kama gramu 20.

Mizani hiyohiyo inakulinda dukani. Koni ya yadi 5,000 ya 40/2 inapaswa kuwa na uzi wa karibu gramu 135, bila kuhesabu ule mrija wa plastiki au karatasi ulio ndani. Mrija mtupu ulionao nyumbani upime, uongeze. Koni ikija na gramu 90 za uzi, lebo inasema 5,000 lakini umelipia yadi 5,000 ukapewa kama 3,300. Uzi pungufu hauonekani kwa macho, sababu mrija mnene unaifanya koni ionekane imejaa.

Bei ya uzi na bei ya kuishiwa

Tuweke bei za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme koni ya yadi 5,000 ni shilingi 200. Mita 655 zinakugharimu shilingi 29. Ndiyo, 29. Ukishona karibu karibu, mistari ya kuzunguka yenye umbali wa sentimita 1.5, mita za mshono zinapanda mpaka 307, uzi wote unafika kama mita 1,500, na gharama ni shilingi 66.

Sasa weka upande wa pili gharama ya kuishiwa: kutuma kifurushi kwa matatu, tuseme shilingi 200, makato ya kutuma pesa mara ya pili, na siku moja au mbili ambazo cherehani haijashona kitu. Uzi wenyewe ni kitu kidogo kuliko vyote kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana kwa maoni yetu kununua koni nzima wakati unahitaji robo yake si ubadhirifu, ikiwa ni rangi utakayoirudia: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu ya shuka.

Rangi ya mteja mmoja ni jambo lingine. Ukinunua koni nzima ya zambarau kwa kwilti moja, halafu ya kijani kwa nyingine, halafu ya chungwa, baada ya miezi sita una mtaji wako wote umekaa rafuni kwa rangi za upinde wa mvua. Hapo nunua vibunda vidogo, na kwa mfano wetu chukua viwili vya yadi 500.

Na vichukue siku moja. Uzi hutiwa rangi kwa awamu, na awamu mbili za rangi ileile zinaweza kupishana kidogo. Kwenye kishikio cha mfuko huwezi kuona. Kwenye kwilti, mistari kumi ya kushoto ikiwa ya awamu moja na kumi ya kulia ya nyingine, mwanga wa dirisha utakuumbua. Lebo nyingi zina namba ya rangi na namba ya awamu, zote zifanane. Usiitegemee picha ya simu kuchagua rangi. Simu ya muuzaji na yako hazioni sawa. Kata kipande cha kitenge ukitume na dereva.

Malipo sasa

Tuanze na dipoziti. Ikiwa dipoziti ya mteja haifiki gharama ya kitambaa, faiba, bitana na uzi pamoja na usafiri wa kuvileta, basi wewe ndiye unayemkopesha. Mwandikie mahesabu hayo kwa ujumbe kabla hajatuma, na uzi uwe mstari wake peke yake. Mteja anayetaka mshono wa karibu aone kwamba anaongeza uzi na siku za kazi. Wengi wakiona hivyo hurudi wenyewe kwenye sentimita 10.

Halafu duka. Kabla ya kulipa mwandikie muuzaji kitu kama hiki: "Habari. Nahitaji koni 1 ya kijivu na vibunda 2 vya bluu, uzi wa 40/2 polista. Naomba picha ya lebo, idadi ya yadi na uzito wa koni, na jumla ya bei pamoja na kifurushi mpaka Loitokitok." Muuzaji wa kweli hujibu haya kwa dakika mbili. Anayekwambia "tuma kwanza tutaongea" mwache.

Lipa mara moja kwa vyote. Makato ya kutuma pesa hupangwa kwa viwango, na ukituma vipande vitatu vya shilingi mia mbili mia tatu, kwa kawaida unakatwa mara tatu. Kama duka lina till, tumia till badala ya kutuma kwa namba ya mtu. Na usitoe pesa kwa wakala ndipo ukalipe taslimu mahali penye till, unalipia kutoa bila sababu, unatembea na pesa mfukoni, na hubaki na ushahidi wowote.

Jina la duka au la mwenye namba likitokea kwenye skrini, lisome. Linganisha na lile ulilopewa. Kama ulielekezwa duka la nyuzi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo, piga simu kwanza. Ukishatuma kimakosa wahi kuripoti kwa huduma kwa wateja saa ileile, maana pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Na hakuna muuzaji wa uzi, wala sisi wenyewe, anayehitaji namba yako ya siri. Hata mara moja.

Ujumbe wa malipo usiufute. Ni risiti yako ukifuatilia kifurushi stejini, na mwisho wa mwezi ukizipanga jumbe hizo utajua kwilti moja imekugharimu nini hasa. Muuzaji naye akutumie namba ya gari na risiti ya kifurushi kikishapakiwa.

Walio karibu na Illasit wakati mwingine huvuka kwenda Tarakea, upande wa Tanzania, ambako bei za vitenge zinaweza kuvutia. Mita na yadi hazibadiliki mpakani, ila shilingi inabadilika. Kutuma kwa namba ya Tanzania ni huduma ya kutuma nje ya nchi, ina kiwango chake cha kubadilisha pesa na makato yake, kwa hiyo angalia atapokea kiasi gani kwa shilingi ya Tanzania kabla ya kukubali, na uweke hiyo kwenye bei ya uzi unapolinganisha na Nairobi.

Oda ikiwa kubwa

Tuseme shule au nyumba ya wageni imekuagiza kwilti 12 za aina ileile. Mita 655 mara 12 ni 7,860. Gawa kwa 4,572, unapata koni 1.7, kwa hiyo koni mbili. Zikiwa mbili una faida nyingine: moja inakaa juu ya cherehani, nyingine inajaza bobini, huhangaiki kuhamisha. Ukitumia kijivu kwa viraka, mita 197 mara 12 ni 2,364, yaani nusu koni na kidogo, na zile za rangi ni mita 459 mara 12, 5,508. Hapo angalia: koni moja ya rangi haitoshi, hata kama jumla kuu ilisema mbili. Unahitaji kijivu moja na rangi mbili, zote mbili za awamu moja, ziagizwe siku moja.

Shona kwilti ya kwanza peke yake, pima koni kwa mizani, ndipo uthibitishe hesabu ya zile 11. Ikiwa imekula gramu 25 badala ya 20, faiba yako ni nene kuliko ulivyodhani, na bado una muda wa kuongeza koni kwenye kifurushi cha vitambaa bila kulipia kifurushi kingine.

Koni inayobaki ifunge kwenye mfuko wa plastiki isishike vumbi, maana vumbi la Kajiado likiingia kwenye uzi linakwaruza tundu la sindano na uzi unaanza kukatika. Andika uzito wake kwa kalamu ya maki kwenye mrija, ndani, pamoja na namba ya rangi.